Maji ya Moto ya Bi Mwanjaa

Ukaya, utando hai wa kufunikia vidonda, uliingia ndani ya mji wa mimba wa Tunu Shekiango ukakaa humo. Kazi ya ukaya ni kuzuia vitu visigandane, na hauna akili ya kuchagua. Utumbo wa Tunu haukugandana na kitu, hilo sawa. Lakini mimba nayo haikushika. Ilikuja mara tatu, na mara zote tatu iliteleza ikatoka kabla Tunu hajaanza hata kuizoea.

Daktari Mwantumu Singano aliuona kwa macho yake Jumatatu asubuhi. Tunu alikuwa amelala usingizi wa dawa, na kamera nyembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe ilikuwa imepitishwa hadi ndani. Picha ilijaa ukuta mzima. Mji wa mimba ukiwa mzima una rangi nyekundu, laini, kama ndani ya shavu la mtoto. Wa Tunu ulikuwa unang'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta.

"Hebu gusa," alisema Mwasenga.

Mwasenga ndiye aliyekuza ukaya kwenye matangi nyuma ya hospitali. Alikuwa kijana wa Mbeya, mpole, hajaoa, na Korogwe alikuwa na miaka miwili tu.

Daktari alisogeza ncha ya kifaa ikagusa ukuta wa mji wa mimba. Ikateleza. Akajaribu upande wa pili. Ikateleza tena.

"Ni wenyewe," alisema.

"Ni wenyewe."

"Umefikaje huku? Niliulaza kwa nje, kwa mikono yangu."

"Umepita kwenye mrija wa uzazi. Umetembea."

"Ukaya hautembei, Mwasenga."

"Ukiitwa unatembea, daktari."

Zamani mwanamke akitolewa vivimbe kwenye mji wa mimba, kidonda cha ndani kilipona kwa kushika chochote kilichokuwa karibu. Kilishika utumbo, kikashika kibofu, kikaziba mirija. Mtu alitoka na ugonjwa mmoja akarudi na mwingine. Tunu alipasuliwa mara ya kwanza kwa mtindo huo. Kazi yake ni kuendesha mashine ya kuvunia mkonge, na kwa miaka minne aliiendesha amesimama, kwa sababu akikaa tumbo lilimvuta kama limeshonwa na uzi mfupi. Mara ya pili Mwantumu alimpasua, akakata yale makovu, akamlazia ukaya. Ni utando hai, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unaolishwa maji ya mkonge mpaka unafika ukubwa wa kiganja. Unawekwa juu ya kidonda kabla tumbo halijafungwa. Unahisi joto la kidonda, unalifuata, unalifunika. Kidonda kikipoa ukaya unakosa kazi, na ndani ya wiki mbili unakufa wenyewe, mwili unaumeza.

Wa Tunu ulikuwa na mwaka mmoja na nusu.

"Nimefanya jaribio," alisema Mwasenga. Alileta mabakuli mawili ya kioo akayaweka juu ya meza. "Huu niliuacha kwenye ubaridi wa kawaida. Umekufa, unaona, umebaki kama ukoko. Huu wa pili niliumwagia maji ya moto kila asubuhi na kila jioni."

Bakuli la pili halikuonekana kioo chake. Ukaya ulikuwa umelifunika ndani na nje, umeshuka mezani, umeanza kupanda kwenye kishikio cha kikombe cha Mwasenga.

"Ukipata joto kutoka nje unadhani kidonda ni kikubwa," aliendelea. "Unaongezeka. Unatafuta pa kwenda. Ukishafika ndani ya mji wa mimba basi haufi tena, maana kila mwezi mwanamke akiingia siku zake, unaona ni kidonda kipya. Ila kitu kimoja sikielewi." Alijikuna shingo. "Nani anammwagia mgonjwa maji ya moto tumboni asubuhi na jioni?"

Daktari aligeukia mlango. Jibu lilikuwa linaimba mwisho wa korido.

*

Korogwe na vijiji vyake, mwanamke aliyekatwa tumbo la uzazi ni mzazi, awe na mtoto au asiwe naye. Anawekwa ndani arobaini. Anakunywa uji wa pilipili manga. Na anakandwa: kitambaa kinachovywa kwenye maji yanayotoa moshi, kinakamuliwa, kinabandikwa tumboni, na mikono ya mtu mzima inakandamiza juu yake mpaka jasho linamtoka.

Hospitali nyingine ziliwafokea wanawake kwa jambo hili, nao wakaitikia ndiyo daktari, wakaenda kukandwa nyumbani. Mwantumu hakufoka. Yeye mwenyewe alikandwa mara zote mbili alipojifungua, na aliyemkanda ni Bi Mwanjaa, mama yake Tunu. Ukaya ulipoletwa, maelekezo yake yalisema mgonjwa akae mahali pa baridi siku za mwanzo. Mwantumu aliyasoma akacheka. Aliona ni maneno ya watu waliojaribu dawa yao kwenye wodi za viyoyozi, kwa wanawake wanaorudi nyumbani wakajipikia wenyewe. Akajenga chumba cha kukandia ndani ya hospitali. Akaweka tangi la maji juu ya bati linalochemshwa na jua. Akamwajiri Bi Mwanjaa. Wageni walikuja kupiga picha, na Mwantumu alisimama jukwaani mara kadhaa akasema hospitali isiyoheshimu watu wake haiwezi kuwaponya. Alisema vizuri sana. Alikosea.

Alipofungua mlango wa chumba kile, mvuke ulimpiga usoni. Mama mmoja alikuwa amelala kwenye kitanda cha mbao, amefumba macho, analalamika.

"Nyamaza wewe," Bi Mwanjaa alikuwa anamwambia. "Vivimbe kilo mbili umevibeba miaka yote hiyo hukulia. Leo unalia maji?"

"Yanachoma, mama."

"Yasipochoma ni ya kunawia mikono hayo. Geuka." Akainua uso. "Mwantumu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekunjamana kama kanga iliyotolewa kwenye ndoo? Mwanangu ameamka?"

"Ameamka. Anakunywa chai."

"Umeona nini humo ndani?"

Mwantumu alitazama kitambaa kinavyotoa moshi juu ya tumbo la yule mama.

"Majibu bado," alisema. "Mama, naomba maji yasimame kwa leo. Tangi la juu lina hitilafu."

"Hitilafu ipi? Si haya yanatoka."

"Mafundi wamesema."

Bi Mwanjaa alichovya kitambaa tena. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana kama vya mwashi, na maji ya moto ya miaka mingi yalikuwa yameviondolea mistari yote.

"Sawa," alisema. "Nitawasha jiko la mkaa nje, nichemshe kwenye sufuria kama zamani. Mzazi hakai bila maji."

Ndivyo uongo ule ulivyokufa, hata korido haukuimaliza.

*

Tunu alikuwa amekaa kitandani anachovya mkate kwenye chai. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mrefu, mikono imejaa michubuko ya miiba ya mkonge. Mumewe alikuwa safarini.

"Funga mlango, dada Mwantumu," alisema. "Na usinizungushe. Nimeona ulivyoingia."

Mwantumu alifunga mlango, akamwambia yote. Alimwambia kuhusu ukaya kupita mrija, na kuhusu mimba zilizoteleza. Tunu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Kwa hiyo nimepakwa mafuta."

"Ni kama hivyo."

"Unatoka?"

"Kuna dawa ya kuuyeyusha. Lakini haichagui. Itayeyusha wa ndani ya mji wa mimba, na wa nje pia, ule uliotanda juu ya utumbo. Nje huko kutabaki kubichi, kama goti lililochunika. Kutagandana upya."

"Si unilazie mwingine?"

"Mwili wako umeshaujua sana. Ukiwekwa mwingine utaukataa ndani ya siku mbili. Tunu, inaweza ikawa mbaya kuliko ile ya kwanza. Utumbo unaweza kujifunga. Ukiuacha hivi ulivyo, utaishi vizuri. Hutasikia maumivu."

"Wala sitazaa."

"Wala hutazaa."

Tunu aliweka kikombe chini. Nje dirishani gari la hospitali lisilo na dereva lilikuwa linarudi nyuma, linalia pipii, linatafuta mahali pa kuegesha.

"Maumivu nayajua," alisema. "Tulishakaa nyumba moja. Mtoto simjui. Yeyusha."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri miaka kumi na tatu, unataka nifikiri tena mpaka saa ngapi?" Akavuta shuka. "Wangu tu ndio umefanya hivi? Mbona Saumu wa Mombo alipata mapacha na ukaya huohuo?"

Mwantumu alijua kwamba swali hilo lingekuja. Saumu alikuwa yatima, alipasuliwa akarudi shambani, hakuwa na mtu wa kumkanda.

"Ukaya unaitwa na joto," alisema. "Maji ya moto ndiyo yaliyouongeza."

Tunu aliachia shuka. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Maji ya mama."

"Maji niliyoyaruhusu mimi. Chumba nimekijenga mimi. Niliambiwa mgonjwa akae baridi, nikacheka."

"Usijitie wewe, wewe hukumwaga." Sauti yake ilikuwa chini. "Alikuwa ananikanda huku anaomba. Anadhani nimesinzia. Anaomba mjukuu, dada Mwantumu. Kila alipobandika kitambaa. Asubuhi na jioni, arobaini nzima."

"Najua."

"Hujui. Asijue huyu mama. Akijua atakufa akiwa anatembea."

"Tunu, wako wanawake wengine. Wako waliopasuliwa wiki hii. Wako waliorudi vijijini wiki iliyopita, wanakandwa na mama zao sasa hivi tunavyozungumza."

"Waambie ukaya ni mbovu. Sema kiwanda kimekosea."

"Nikisema ukaya ni mbovu watakandwa zaidi. Watasema kuna uchafu umebaki tumboni, utolewe na maji. Wewe huwajui?"

Tunu aliwajua.

"Basi ningojee," alisema mwishowe. "Nipasue kwanza. Mama anione nimetoka salama, ndipo umwambie. Siku chache. Nimewahi kukuomba kitu mimi?"

Hakuwa amewahi. Mwantumu alitikisa kichwa kukubali, na Tunu akakipokea kile kichwa kama ahadi. Hakuwa amekosea. Kilikuwa ahadi.

*

Ahadi ile haikufika jua kuzama. Saa kumi alasiri Mwantumu alitoka kwenda kunywa maji, akamkuta Bi Mwanjaa anapita koridoni na ndoo ya bati. Maji yalikuwa yanatoa moshi mpaka kwenye kidevu chake. Alikuwa anaelekea wodi ya pili, kitanda cha dirishani, kwa msichana wa Mashewa aliyepasuliwa Jumamosi. Ukaya wa msichana yule ulikuwa haujamaliza hata siku tatu.

Mwantumu angeweza kumwambia nesi airudishe ndoo nyuma. Angeweza kuzua uongo mwingine. Alisimama katikati ya korido kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Kisha akasema, "Mama, weka ndoo chini."

"Yatapoa."

"Yaache yapoe. Njoo tukae."

Walikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, ndoo kati yao. Mwantumu alimweleza kwa maneno mafupi, bila istilahi za hospitali. Alieleza ukaya ni nini na unafuata nini. Alieleza kilichokuwa ndani ya Tunu. Hakusema "huenda" wala "tunadhani". Bi Mwanjaa alisikiliza akiwa anatazama maji.

"Maji yangu yalikuwa makali mno?" aliuliza.

"Hapana, mama. Yalikuwa vilevile kama ya siku zote."

"Nilibonyeza vibaya?"

"Hukubonyeza vibaya."

"Basi nilikanda sawa."

"Ulikanda sawa."

"Nikamziba mwanangu kwa kukanda sawa." Alisema polepole, kama mtu anayerudia maelekezo ya njia asije akapotea. "Kama ningekuwa mvivu. Kama ningekuwa mama wa ovyo, naamka saa nne, nasema maji yamekwisha, leo ningekuwa na mjukuu."

Ilikuwa kweli, na Mwantumu alijua.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi niliambiwa. Wewe hukuambiwa."

"Tunu anajua?"

"Anajua. Aliniomba nisikwambie."

Hapo ndipo Bi Mwanjaa alipofunika uso. Hakulia kwa sauti. Alikaa hivyo mpaka moshi wa ndoo ulipokatika. Kisha akainuka, akaichukua, akaenda kwenye mfereji wa nje akaimwaga. Alimwaga taratibu, akasubiri mpaka tone la mwisho, akaipindua ile ndoo akaiacha pale.

Kesho yake alizunguka na gari la hospitali vijiji vyote. Hakusubiri kutumwa. Kila nyumba yenye mzazi wa ukaya aliingia, akawakuta akina mama na masufuria yao, akawaambia waache. Wengine walimbishia. Mmoja wa Kwamndolwa alimwuliza, wewe leo umekuwa daktari, ndiyo unatukataza uliyotufundisha? Akawaambia, "Nimemziba Tunu kwa mikono hii. Mkitaka endeleeni." Wakaacha. Mwantumu angesema mwaka mzima kwa vipaza sauti na asingepata nusu ya walioacha kwa neno hilo moja.

*

Tunu alijua Jumatatu ileile. Mama yake hakuja na uji wa jioni.

"Nilikuomba siku chache," alimwambia Mwantumu.

"Kulikuwa na msichana wa Mashewa."

"Najua kulikuwa na msichana. Siku zote kuna msichana." Aligeukia ukuta. "Fanya kazi yako."

Mwantumu alifanya kazi yake Alhamisi. Dawa ya kuyeyusha ilipita kwenye bomba jembamba, na ukaya ulilegea, ukakunjamana, ukatoka kama maji ya wali. Ndani ya mji wa mimba wekundu ulirudi. Mwasenga alisimama mbele ya ukuta wa picha akasema, "Pametakata." Alikuwa na furaha ya mtu aliyetengeneza kitu kikatengenezeka. Kifaa kilipogusa ukuta wa mji wa mimba hakikuteleza. Kilishika.

Kwa nje ilikuwa kama Mwantumu alivyosema. Siku ya tisa Tunu alianza kutapika. Siku ya kumi na moja tumbo lilijaa upepo likawa gumu kama ngoma, na Mwantumu alimfungua tena. Utumbo ulikuwa umejisokota na kugandana na mrija wa kulia, kama nguo mbili zilizokaushwa zikiwa zimeshikana. Pale vilipogandana palikuwa pameanza kuwa peusi. Palikuwa hapaachanishiki. Alikata.

Bi Mwanjaa alikaa nje muda wote huo, kwenye benchi lilelile. Aliingia wodini pale tu Tunu alipomwita. Alisimama kando ya kitanda, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Nishike, mama," alisema Tunu.

"Mikono ina baridi."

"Nishike hivyo hivyo."

Alimshika kidole kimoja.

*

Kilichopotea ni hiki.

Wanawake kumi na mmoja waliacha maji mapema, na ukaya wao ukafa kwa wakati wake. Msichana wa Mashewa ni mmoja wao. Hao hawakupoteza kitu. Ishirini na wanne walikuwa wameshachelewa. Wote waliambiwa wachague kama Tunu alivyoambiwa. Kumi na saba wakasema waachwe hivyo hivyo, bila maumivu na bila mtoto. Saba waliyeyushiwa. Wawili walizaa. Mmoja alifariki mezani, anaitwa Mwanahija Kilua, na Mwantumu ndiye aliyekuwa ameshika kisu.

Tunu alipoteza utumbo wa urefu wa mkono na mrija wa kulia. Wa kushoto upo, unapitisha. Mwaka wa pili unakwisha na mimba haijaja. Mashine ya mkonge anaiendesha amesimama.

Chumba cha kukandia kimekuwa stoo ya madumu ya Mwasenga. Bi Mwanjaa hajamkanda mtu tena, hata jirani aliyeteguka mguu. Nyumbani kwake hata chai anaiacha ipoe kwanza.

Mwantumu hakufukuzwa. Hakuna aliyemshitaki. Bado anapasua, na bado analaza ukaya, kwa sababu ni dawa nzuri ukiusikiliza. Kila Ijumaa hupita kwa Bi Mwanjaa akielekea nyumbani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Mwanamke huyo alimkanda mara zote mbili alipojifungua, na tangu Mwantumu akiwa msichana hakuwahi kumwita ila kwa jina lake.

"Marahaba, daktari," humjibu sasa.